Neno la Mwongo wa Ishirini

Jumanne ile, mwezi wa Februari mwaka 1958, simu ya upepo ya Chake Chake iliamka na wazimu. Shaame bin Jaribu, karani wake, alivaa vyombo vyake vya masikioni saa moja asubuhi kama alivyofanya miaka sita mfululizo, akangoja Unguja imsalimie kwa nukta na vistari. Haikumsalimia. Alichopata ni mngurumo, kisha mchakacho, kisha mluzi mrefu uliomchoma mpaka kwenye meno, kisha mngurumo tena. Akazungusha kila kifundo kinachozungushwa. Akatoka nje kutazama mlingoti. Mlingoti upo, waya upo, betri zimejaa. Akarudi kukaa, akasema peke yake, "Leo? Siku zote za Mungu, ije ikawa leo?"

Siku nyingine yoyote asingejali. Simu za karafuu zingengoja, na wakubwa wenye simu zao wangengoja. Lakini hii ilikuwa siku ya mia mbili ya mwaka, na jua likizama bila ya neno kutoka Unguja, dada yake Moza ameachika talaka ya tatu.

Mwaka wenyewe si huu wa kalenda za ukutani. Ni mwaka wa Nairuzi, mwaka wa wakulima, ambao watu wa kijiji cha Vitongoji wanauhesabu kwa miongo. Kila siku kumi ni mwongo mmoja, na kila mwongo una kazi yake: huu wa kufyeka, ule wa kutia mbegu, mwingine wa kukaa tu ukaomba mvua. Na siku yao huanza jua linapozama, si katikati ya usiku ambapo hata mbwa wamelala, kama wanavyofanya Wazungu. Aliyekuwa akiishika hesabu hiyo Vitongoji ni Bi Mwatum, bibi mfupi mwenye ulimi mkali, ambaye kila magharibi alichora mstari mmoja wa mkaa kwenye ukuta wa jiko lake. Na Bi Mwatum huyo ndiye mama yake Hamad, na Hamad ndiye mume wa Moza.

Huyu Hamad alikuwa mwanamume mwenye mikono mizuri na mdomo mbaya. Mpe mbao atakufanyia kitanda cha kumlaza bibi harusi. Mkasirishe kidogo, na talaka imeshamtoka. Ya kwanza aliitoa kwa sababu ya pweza aliyeungua. Ya pili, kwa sababu Moza alikwenda mazikoni Wesha bila ya ruhusa, na maiti mwenyewe ni shangazi yake Moza! Kila mara hasira zikishamtoka, kabla eda haijesha, alimrejea. Na kila mara aliyemkalisha Moza kitako na kumbembeleza alikuwa Shaame. "Rudi, Moza. Una watoto wawili. Watu watasemaje?" Moza alirudi.

Ya tatu ilikuja kwa namna nyingine. Ulikuwa mwongo wa kumi na mbili, mvua za vuli zimeshika, na Hamad alikuwa anakwenda Unguja kutafuta kazi. Moza alimuuliza, "Nikungoje mpaka lini?" Ni swali hilo tu, ambalo mke yeyote angeuliza. Shaame alikuwa barazani chini ya paa la madebe, anapangusa baiskeli yake, akamsikia shemegi yake akipaza sauti ndani: "Mwongo wa ishirini ukitoka, nisipoleta neno langu, umeachika, na hii ndiyo ya tatu!" Kisha Hamad akatoka na furushi lake, akampita Shaame pale barazani bila hata ya salamu.

Na talaka ya tatu si mchezo. Haina kurejeana, haina kuombana radhi wala kutumiana wazee. Mpaka mwanamke aolewe na mume mwingine, akae naye, naye amwache kwa hiari yake. Watu wa Vitongoji walilijua sharti lile, na miongo minane mizima walikuwa wakiihesabu pamoja na Bi Mwatum. Meli ilikuja kila wiki na ilirudi kila wiki. Haikuleta barua ya Hamad, haikuleta hata salamu.

Saa mbili asubuhi Moza na mavyaa wake wakatokea mlangoni pa ofisi ya simu. Walikuwa wametoka Vitongoji kwa miguu alfajiri, na vumbi limewapanda mpaka magotini. Moza alitoa salamu, akakaa kwenye benchi la nje, akajifunika buibui lake vizuri, basi. Bi Mwatum hakukaa.

"Shaame, nimeliona jua," alisema.

"Kila mtu kaliona, mama."

"Hukuliona weye! Limechomoza baharini jekundu, lina ukungu usoni, ukiweza kulitazama kwa macho matupu. Lina madoa. Mawili makubwa na vitoto vyao, kama macho ya kifuu. Mwaka huu uliingia Jumamosi, na Jumamosi ni siku ya nyota ya Zuhali. Mwaka wa Zuhali jua huota madoa, na siku ya mia mbili mdomo wa mbingu hufungwa. Kinachosemwa siku hiyo hakifiki. Mie kaniambia bibi yangu, na yeye kaambiwa na bibi yake."

Shaame alitaka kucheka. Yeye ni mtu aliyesoma, ana cheti, anajua umeme unakotoka na unakokwenda. Lakini kicheko hakikumtoka, maana nyuma yake ukutani palibandikwa waraka ulioletwa mwaka uliopita. Waraka ulisema wataalamu wa dunia nzima wanalichunguza jua. Kwamba madoa yake siku hizi ni mengi kuliko yaliyopata kuhesabiwa. Kwamba yakichafuka hurusha nguvu ambayo ikifika duniani huvuruga mawimbi ya simu. Na kwamba kila karani aandike saa ambazo sauti imepotea. Alipousoma aliona ni mambo ya watu wasio na kazi. Sasa karatasi ya wakubwa na kizee cha Vitongoji walikuwa wanasema jambo moja. Shaame akaogopa kweli.

"Kaa kitako, mama," alisema. "Unguja watatokea tu."

Hawakutokea. Saa tatu aliandika katika daftari: kelele. Saa nne: kelele. Saa tano aliita Unguja kwa kidole mpaka kikafa ganzi, akasikiliza, akaita tena. Waliokuja kupeleka simu zao aliwafukuza kwa maneno ambayo si desturi yake. Karani mwenzake alikuja kumpokea saa sita, Shaame akamwambia aende zake nyumbani. "Unaumwa?" mwenzake aliuliza. "Naumwa," Shaame alimjibu, na wala hakuwa amedanganya sana.

Adhuhuri alitoka nje kunyoosha mgongo. Moza alikuwa amekwenda kuswali kwa jirani. Bi Mwatum alikuwa peke yake benchini, anatafuna tambuu, anaitazama njia. Shaame akachuchumaa mbele yake kama mtu anayeomba.

"Bi Mwatum. Hesabu ni ya mkono wako, sivyo?"

"Ni ya mkono wangu."

"Na ukuta ni wa jiko lako. Ikiwa kuna usiku mmoja ulichora mistari miwili, umesahau, usingizi umekushika. Ikawa leo ni siku ya mia na tisini na tisa. Nani atakuuliza?"

Bi Mwatum alimtazama mpaka Shaame akateremsha macho. Kisha akatema mate mekundu pembeni.

"Unadhani sitaki?" alisema. "Yule ni mwanangu! Sina mwingine, na wale wajukuu sina wengine. Usiku kucha nimekaa mbele ya ukuta ule nahesabu, naomba nikute nimekosea. Sikukosea. Kesho watakuja watu kuniuliza siku ya kutia jembe, Shaame. Niwape siku gani, ya Mungu au ya Hamad? Ondoka mbele yangu, wallahi, kabla sijakutukana."

Shaame akaondoka. Aliona haya, lakini haya zilikuwa ndogo kuliko hofu, akarudi kwenye vyombo vyake.

Ilikuwa saa tisa na robo alipopata kitu. Kelele zilipungua ghafla, kama watu waliokuwa wakigombana wakavuta pumzi, na chini kabisa, kwa mbali, akasikia kidole cha Unguja. Akakijua. Kila karani ana kidole chake, namna yake ya kugonga, na hiki alikijua kama anavyojua mwendo wa mkewe. Kilikuwa kinaita Chake Chake. Penseli ikaenda yenyewe: MOZA BINTI JARIBU VIT... Kisha mngurumo ukarudi, ukameza kila kitu. Shaame aliruka kwenye kiti. Aliita, "Rudia! Rudia!" kwa kidole na kwa mdomo, akapiga meza kwa ngumi, akalitukana jua na madoa yake na siku aliyosomea kazi hii. Haikusaidia kitu. Alibaki na karatasi yenye jina la dada yake.

Alitazama saa. Saa tisa na nusu. Akatazama muhuri. Ulikuwa hapo mezani, wino wake mbichi.

Alifungua dirisha la upande, akamwita Moza pole pole. Moza akaja, akasimama chini ya dirisha.

"Liko neno lako," Shaame alinong'ona. "Unguja wamelitaja jina lako. Lililobaki nalijua, na weye unalijua. Hamad mzima, anaomba radhi, anarudi. Atasema nini jingine mtu aliyengoja mpaka siku ya mwisho? Naliandika, napiga muhuri, yamekwisha."

"Umesikia nini, kaka?"

"Jina lako."

"Na mbele yake?"

"Kelele. Lakini Moza..."

"Basi hukusikia."

"Sikiliza, we mwana!" Shaame alikuwa anatokwa na jasho. "Hii ndiyo kazi yetu. Herufi ikiliwa na kelele, karani anaijaza. Nikipata 'karaf' nitaandika nini, nitaiacha hivyo hivyo? Naandika karafuu! Kila siku najaza, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kunilalamikia."

"Karafuu zijaze," alisema Moza. "Mimi usinijaze."

Akamwacha pale dirishani, akarudi benchini. Shaame alimfahamu kwamba anamwogopa Mungu, akajilaumu kwa kumtia dada yake majaribuni. Aliirudisha penseli chini. Lakini karatasi hakuichana. Ikabaki mbele yake alasiri nzima, na jina lile juu yake, na nafasi tupu chini ya jina, na kila dakika kumi mkono wake ulikwenda kwenye penseli ukarudi. Saa kumi. Saa kumi na moja. Kivuli cha mlingoti kilivuka njia, kikapanda ukuta wa duka la mbele. Saa kumi na mbili Shaame alikuwa hasikilizi tena kwa masikio, anasikiliza kwa mwili mzima, shingo imekakamaa, machozi yanamlengalenga kwa uchovu. "Herufi kumi tu," alisema. "Yarabi, nipe herufi kumi tu."

Muadhini alipoanza, alikuwa bado amevaa vile vyombo, hata adhana hakuisikia. Alijua kwa kumwona Bi Mwatum amesimama.

"Mwongo umetoka," alisema Bi Mwatum. Mara yule bibi mkali akakaa chini kwenye vumbi, akalia kwa sauti, akimtaja mwanawe kwa jina. Moza ndiye aliyemwinua, akamfuta uso kwa ncha ya buibui lake. Yeye mwenyewe hakulia. Shaame akaona ni mshtuko.

Asubuhi yake, Jumatano, mbingu ilikuwa safi kama hapajatokea kitu. Unguja waliita saa mbili kasorobo, na simu zilizokwama zikaanza kumiminika moja baada ya moja. Ya tatu ilikuwa ya Moza. Shaame aliichukua yote, herufi kwa herufi:

MOZA BINTI JARIBU VITONGOJI. ULIPATE HILI KABLA YA MAGHARIBI KAMA NILIVYOSEMA. NIMEPATA KAZI NA CHUMBA. NISAMEHE. NAKUJA IJUMAA KUKUCHUKUENI. HAMAD.

Akauliza: ilitolewa lini? Unguja wakajibu: Jumanne, saa tatu asubuhi. Shaame alirusha kofia yake juu ikagonga dari. Saa tatu asubuhi! Kwa hiyo Hamad alikuwa ameleta. Alileta mchana mweupe, mwongo bado haujatoka, na kama jua lilimchelewesha njiani, hilo ni kosa la jua, si la Hamad. "Nisipoleta," alisema mtu yule, na kaleta! Alipopokewa kazi alipanda baiskeli, akaikanyaga mpaka Vitongoji hakupumzika hata kwenye mlima, na kila aliyekutana naye alimpungia ile karatasi.

Baada ya alasiri wakakaa nyumbani kwa Shehe Bakar, mwanamume wa makamo, mtu wa maneno machache ambaye mafua hayamwishi. Alikuwepo yeye, Shaame, Moza na Bi Mwatum. Shaame alisimulia yote kwa furaha, mikono inacheza. Shehe alimsikiliza mpaka mwisho, akapenga kamasi, akakunja leso.

"Sharti lilikuwa nini hasa?" aliuliza. "Nataka maneno yenyewe."

"'Nisipoleta neno langu,'" alisema Shaame. "Nimelisikia kwa masikio yangu."

"Moza?"

Moza alikuwa anatazama mkeka. "Hakusema nisipoleta," alisema. "Alisema, usipopata."

Hata Bi Mwatum aliacha kutafuna.

"Mnaona tofauti yake," alisema Shehe. "Kama alisema nisipoleta, basi kaleta, na huyu ni mkewe halali, na Ijumaa aje amchukue. Kama alisema usipopata, hakupata, na jambo limekwisha."

"Moza!" Shaame alimgeukia. "Unajua unachokisema?"

"Najua. Niliambiwa mimi, kaka. Nilikuwa mbele yake, mate yake yananirukia usoni. Wewe ulikuwa nje."

Shehe alinyoosha mkono akaitaka ile karatasi. Aliisoma pole pole, akaisoma tena. "'Ulipate hili kabla ya magharibi kama nilivyosema,'" alisema. "Ulipate. Hakuandika nimeleta."

Shaame alihisi masikio yake yanawaka. Herufi zile alizichukua yeye mwenyewe asubuhi ile, kwa mkono wake, na hakuziona.

"Ni lugha ya simu tu hiyo, Shehe," alisema.

"Huenda. Mimi sitaki kuvunja nyumba ya mtu kwa herufi. Kwa hiyo nakuuliza wewe, na ukijibu, jibu kwa haki ya Mungu, maana masikio yako ndiyo riziki yako. Ukishikilia kwamba umesikia nisipoleta, basi kuna shaka, na kwa shaka sivunji ndoa. Moza atangoja nyumbani kwa mumewe mpaka Ijumaa, Hamad aje aseme mwenyewe alichosema." Akapenga tena. "Na sote tunajua atasema lile litakalomfaa. Haya. Neno 'nisipoleta', ulilisikia lote?"

"Ndiyo" ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Shaame. Aliliweka tayari neno hilo, akafungua mdomo, akajikuta amerudi barazani siku ile, kitambaa cha kupangusia mkononi. Mvua. Mvua ya vuli juu ya paa la madebe, mvua inayomfanya mtu apige kelele kumwambia aliye karibu naye asogeze mguu. Hamad ndani anasema, "Mwongo wa ishirini ukitoka," kisha upepo ukaitupa mvua kwenye madebe, kisha, "...neno langu, umeachika." Katikati palikuwa na nini? Alitafuta. Alitafuta kwa bidii yake yote, na hakupata kitu ila kelele.

Aliinua macho akamtazama dada yake. Moza hakuwa anambembeleza. Alikaa kama mtu aliyenyoosha mkono wake kwa daktari anangoja sindano.

"Mara ya kwanza ulinirudisha," Moza alisema taratibu. "Mara ya pili ulinirudisha. Hukuniuliza hata siku moja, Moza, unataka? Kaka, nampenda Hamad, sikudanganyi. Nampenda, na nimechoka. Miaka saba nasimama jikoni naogopa pweza asiungue."

Shaame akakumbuka jinsi alivyomwona pale benchini, mkavu, bila chozi, na yeye akasema ni mshtuko. Hata hilo alilijaza.

"Sikulisikia, Shehe," alisema. "Palikuwa na mvua. Nilisikia mwanzo na nilisikia mwisho. La katikati nimelitia mimi."

"Lahaula!" alisema Bi Mwatum, akajifunika uso kwa kaniki yake.

Shehe Bakar akasema maneno yanayosemwa, kwamba talaka imepita na eda imeanza tangu magharibi ya jana, na Mungu ndiye mjuzi. Moza alisogea kwa magoti akaushika mkono wa Bi Mwatum, akaubusu. Yule bibi hakuuvuta. Walikaa hivyo, wote wawili wanalia sasa, na Shaame hakujua atazame wapi.

"Ijumaa nitamwambia nini mwanangu?" Bi Mwatum aliuliza.

"Hutamwambia weye, mama," alisema Moza. "Nitamwambia mimi."

Alimwomba Shehe kalamu. Aliandika kwenye kipande cha karatasi kwa hati yake ya chuo cha Kurani, kubwa, ya kuinama, akampa Shaame. Wala hakumwambia amsaidie maneno.

Alhamisi saa moja asubuhi Shaame alivaa vyombo vyake. Unguja walimsalimia. Njia ilikuwa nzuri, kuna mchakacho kidogo tu kwa mbali, mabaki ya jua. Aliiweka karatasi ya Moza mbele yake:

HAMAD. NENO LAKO NIMELIPATA BAADA YA MAGHARIBI. WATOTO WAZIMA. KAWASALIMIE KWA MAMA YAKO. USIJE KWANGU. MOZA.

Aliisoma mara nyingi. Alitaka kutia "pole" mahali. Alitaka kutia "inshallah", au jina lake mwenyewe, au neno lolote la kumpunguzia makali yule mwanamume ambaye wakati huo pengine alikuwa anafagia chumba chake kipya. Penseli ilikuwa karibu. Hakuigusa. Alitia kidole kwenye chombo akaanza kugonga, polepole kuliko kawaida yake, mpaka jina la mwisho.

Kile kidole anachokijua kikarudi, kikauliza. Mchakacho umekula neno moja. Baada ya NIMELIPATA, umesema KABLA au umesema nini?

Shaame aliketi na mkono hewani. Nje watu walikuwa wanapita kwenda sokoni, wanasalimiana. Aliufikiria uso wa Moza pale mkekani, akavuta pumzi, akaligonga peke yake, herufi moja moja, ili wasije wakahitaji kulijaza: BAADA.